Mashine Ilisema Anapumzika

Mimi nashona vitambaa vya kufunika magodoro kiwandani. Mume wangu hupanga mzigo stoo, hapo hapo. Tunatoka nyumbani pamoja na kurudi pamoja, migongo ikiuma.

Kila mfanyakazi huvaa beji shingoni. Darini kuna vidude vinavyoisikiliza, ili ofisi ijue nani yuko chumba gani. Ukizuka moto, walituambia, tutajua pa kuwatafuta.

Jumatatu msimamizi akamsimamisha mume wangu mbele ya watu.

"Mashine inasema unashinda chumba cha mapumziko. Mtegaji mkubwa wewe. Kesho usije."

Mtu shati zima limelowa jasho, ndiye anaitwa mtegaji? Na watoto wangu wale nini, hewa?

"Ulikwenda stoo kumtazama?" nikamuuliza.

"Mashine haidanganyi, mama."

"Basi mwite fundi wake."

Sikubanduka mlangoni pake mpaka akapiga simu.

Fundi alikuwa dada mmoja mpole. Aliingia stoo, akatazama juu, akaguna.

"Nani kapanga magodoro mpaka darini?"

"Msimamizi ndiye aliyeagiza," mume wangu akajibu.

"Sikiliza, kaka. Radi ikipiga, mwanga unauona kwanza, ngurumo inafuata. Ikichelewa sana, ujue iko mbali. Beji nayo hutoa vitu viwili kwa pamoja: mawimbi ya redio, yanayofika papo hapo, na sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio letu. Sauti huchelewa kidogo. Kidude hupima imechelewa kiasi gani, kikajua umbali. Vidude vitatu vikipima, tunajua ulipo. Lakini godoro humeza sauti. Vya stoo vimezibwa. Kilichokusikia ni kimoja tu, cha chumba cha mapumziko, kupitia mlango huu ulio wazi. Moto ungewaka, tungekutafuta kule."

Akamvisha msimamizi beji ya mume wangu, akamsimamisha katikati ya magodoro, akampa simu yake yenye ramani ya vyumba.

"Soma, bosi. Uko wapi?"

"Mapumziko," akasoma kwa sauti ndogo.

"Basi na wewe kesho usije," nikamwambia.

Magodoro yakapunguzwa, vidude vikaachiwa nafasi. Fundi akajaribu beji kila pembe, na ramani ikaonyesha stoo.

"Na mashine ikimshtaki mtu," akasema, "nendeni kwanza mkamwone kwa macho."

Msimamizi akataka kumwita mume wangu ofisini, amwombe radhi wakiwa wawili. Nikakataa.

"Ulimtukana mbele ya watu. Mwombe radhi mbele ya watu."

Cherehani zote zikanyamaza. Akaomba.

"Nimesikia," mume wangu akasema, akarudi kazini.