Ijumaa Saa ya Sala, Meidum

"We dada! Huo mguu wangu, si ngazi!"

Ghada akageuka. Stesheni ya Ramses, pale Cairo, ilikuwa imefurika, na mwenye mguu ni kijana mtanashati, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inakata. Anacheka.

"Basi ungeuacha kwenu," Ghada akamjibu.

"Njoo nikununulie chai, upate nafasi ya kukanyaga na wa pili."

Ndivyo Shaukat alivyoingia maishani mwake. Miezi ikakatika simu iko sikioni, asubuhi "mwezi wangu", jioni "roho yangu". Alhamisi inayofuata angekuja na wazee wake kwa baba yake Ghada, wasome Fatiha, uchumba uwe uchumba. Ghada akaomba kitu kimoja tu: akaione piramidi ya Meidum, karibu na kijiji alikozaliwa Shaukat.

"Kuna nini Meidum, roho yangu? Mawe yameporomoka yale! Twende piramidi za Giza."

"Giza nimechoka na ngamia. Au kuna unachonificha?"

"Nikufiche wewe? Haya, Ijumaa saa ya sala. Wanaume wote wako msikitini, hakuna mtu."

Masikini, alijua ratiba ya wanaume tu. Saa hiyohiyo ndiyo wanawake wa vijijini wanaotafuta mtoto huja kuizunguka piramidi, waume zao wasijue.

Walipofika, Shaukat akabaki nyuma kununua maji. Ghada akatangulia, gauni la njano linapepea, akamkuta mwanamke wa baibui jeusi, vumbi mpaka kwenye nyusi, anahema.

"Pumzika, dada'angu."

"Bado raundi moja, mrembo. Huenda nikashika mimba. Mume yuko Cairo, namwona kwa nadra, na mama mkwe ananiita jiwe."

"Na mumeo anakuitaje?"

Mwanamke akaona haya. "Mwezi wangu."

Ghada akacheka. Kicheko kikamfia mdomoni: Shaukat amesimama pale na chupa za maji, rangi imemtoka.

"Shaukat!" Mwanamke akajifuta vumbi haraka, apendeze. "Umejuaje niko hapa?"

Shaukat akamtazama huyu, akamtazama yule. Halafu, jamani, akatimua mbio kwenye gari lake. Akaondoka!

"Unamjua mume wangu?"

"Alhamisi ijayo alikuwa aje kwetu kusoma Fatiha," Ghada akasema. "Wallahi sikujua."

Mwanamke, Inayati jina lake, akakaa mchangani. Raundi ya mwisho hakuimaliza.

Simu ya Ghada ikalia. Akaweka spika.

"Roho yangu, nisikilize! Yule si kitu, wazee walinioza tu. Namwacha leo hii. Nakupenda wewe, sema neno moja."

Neno alikuwa nalo, "ndiyo", na ndilo lililomliza. Akampa Inayati simu.

"Shaukat, ni mimi, yule uliyesema si kitu. Mwambie mama yako asinisubiri na chakula. Narudi kwa baba."

Akamrudishia Ghada simu. Ghada akaizima kabisa, maana alijijua: ikilia tena, angepokea.