Kamba ya Koli

"Mahindi yameiva," ilisema sauti ndani ya kopo la maziwa ya Nido. "Lakini hapana vuna."

Kasika aliinama juu ya baiskeli yake ya Raleigh kama mtu anayetafuta pancha. Ndani ya kopo, lililofungwa kwenye usukani, kulikuwa na redio. Sauti ilikuwa ya Mathe, mkuu wake katika usalama wa jeshi, aliyekuwa kambini Beni.

"Nimefungua koli, mzigo wa leo, nimeifunga tena," Kasika alisema. "Juu ni chumvi. Chini ni baruti ya mgodini na fataki zake. Ikianguka vibaya, inalipuka."

"Ni ya kuvunja daraja la Semliki. Tunamutaka mwenye kuipokea. Iache ifike."

"Nitaibeba miye mwenyewe."

"Hapana. Batu ba Butembo banaishiaka Maboya. Ukapita pale, mupokeaji atajua. Mupe mutu wa Beni, kama kila siku."

"Mutu wa Beni ni Ramazani. Ni rafiki yangu."

Redio ilikoroma.

"Ni ordre, amri ya wakubwa, ndugu."

Kopo likanyamaza.

Ulikuwa mwaka 1964. Waasi walikuwa wanakaribia, jeshi limechukua malori yote, na tone la mwisho la petroli lilikuwa la maofisa. Butembo ikawa kisiwa kisicho na gari hata moja. Dawa, barua, nguo za arusi, kila koli ilikwenda Beni kwa baiskeli.

Wabeba koli wa Butembo, Kasika akiwa mmoja wao, waliteremka hadi Maboya, wa Beni wakapanda hadi hapo hapo. Kabla ya kupokezana walikula sahani moja, kwa maana mtu uliyekula naye humuulizi kuna nini ndani ya koli yake. Kule mwisho, mpokeaji alikata kamba mbele ya mbebaji na kumpa. Kamba ile ilirudi mkono kwa mkono mpaka kwa aliyeanza safari, iwe ushahidi kwamba mzigo umefika. Serikali ilishindwa kuendesha posta. Kamba ya mgomba haikushindwa.

Maboya, saa nne asubuhi.

Ramazani alikuwa dereva kabla jeshi halijamnyang'anya lori. Sasa alikuwa na baiskeli isiyo na breki na mdomo usiokosa utani. Alifungua kitambaa cha chakula.

"Kula, Kasika. Bibi yangu Nasiba ametia karanga mu sombe juu yako. Anasema unakonda."

Kasika alikula. Ni aibu kusema, lakini sombe ile, majani ya muhogo, ilikuwa tamu.

"Koli ni nzito," Ramazani alisema akiifunga nyuma ya kiti.

"Chumvi. Enda pole pole."

"Tangu lini chumvi inaogopa mbio?"

Hapo ndipo angesema. Neno moja tu lingetosha. Kasika alifuta vidole na kumwangalia rafiki yake akiondoka.

Kisha akageuza koti, akavuta kofia, akafuata.

Mteremko wa Kabasha ulikuwa na mawe. Ramazani alishuka akifunga breki kwa soli ya kandambili ya mpira wa gari. Gurudumu lilipiga jiwe. Baiskeli ikaruka.

Kasika alifumba macho.

Alifundishwa miezi minane asifumbe macho kwa lolote. Alifumba.

Kimya. Halafu akamsikia Ramazani akiimba, chini kabisa ya mteremko.

Beni. Mtaa wa Beu. Ghala la papaine.

Kasika alibana ukutani karibu na dirisha, bastola yake ya Browning mkononi. Ndani, Ramazani aliweka koli mbele ya Mzungu mnunuzi wa papaine, mtu aliyesafirisha dhahabu ya magendo ndani ya mapipa ya utomvu huo wa mapapai. Kama angevuka Semliki na kuvunja daraja nyuma yake, jeshi lisingemfikia.

"Asante. Sasa enda," Mzungu alisema.

"Kwanza kamba, bwana patron."

"Kamba ya nini?"

"Unakata, unanipa. Batu bote banafanya vile."

Miaka kumi Beni, na bwana yule hakujua jambo ambalo kila mtoto analijua. Alidhani mbebaji anataka kuona ndani. Mkono wake ukaingia kwenye droo, ukatoka na bastola.

Risasi moja karibu na koli ile, na Beu yote ingeruka.

Kasika hakufyatua. Alipita dirishani na kumpiga kwa kitako cha Browning, nyuma ya sikio. Mzungu akaanguka mezani, juu ya ramani ya daraja la Semliki.

Askari wa Mathe, waliokuwa wakivizia nje, waliingia mbio.

"Baruti njo hii?" ofisa aliuliza.

"Njo hii," Kasika alijibu.

Ramazani alisikia. Alimgeukia Kasika.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu Maboya?"

"Tangu Butembo."

"Na ulikula."

Kasika alikuwa na majibu: daraja, jeshi, watu wa miji miwili. Yote yalikuwa kweli. Alirudisha Browning kiunoni.

Ramazani alichukua kisu mezani, akampa.

"Weye njo mwenye koli sasa. Kata."

Kasika alikata. Ramazani alizungusha kamba, akaiweka kiganjani mwa Kasika.

"Imefika."

Kisha akachukua kitambaa chenye sombe iliyobaki, akakifunga fundo, na juu yake fundo la pili.

"Kesho Maboya?" Kasika aliuliza.

"Kesho minakula kwetu."

Kasika alitoka, mikono mfukoni, mwendo wa mtu asiye na haraka. Askari walimpisha. Alipanda Raleigh, akashika njia ya Butembo.

"Kazi nzuri," kopo lilisema.

Alilizima. Karanga za Nasiba zilikuwa bado kwenye meno yake.