Kiganja Kwenye Kipokezi

Dada Fundi, rafiki yangu, anatunza dishi kubwa linalosikiliza anga. Mwaka ule lilielekezwa kwenye shimo jeusi linalofyatua mikondo ya moto pande mbili. Gesi nzito imelificha machoni, lakini mawimbi ya redio hupenya.

Mwenzake kazini kwa miaka tisa, Kaka Mrefu, alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye ngazi mbovu ya kupandia dishini, aliyoilalamikia mara tatu. Mkubwa wao wa kazi, ambaye hajawahi kuikanyaga ngazi ile, akaandika kwenye ripoti kuwa chanzo ni "uzembe" wa marehemu. Dada Fundi, akihofia unga wake kumwagika, akatia saini kama shahidi.

Adhuhuri moja simu ya waya ikalia. Mkubwa alikuwa akifoka. "Mshale wa kipimo unapanda na kushuka! Nani anagusa kipokezi?"

Kipokezi ni kifaa cha juu ya dishi kinachonasa mawimbi; mafundi hukipima kwa kukiwekea kiganja, maana hata joto la mkono hupandisha mshale na mvumo wa spika yake. Kaka Mrefu alikuwa akigusa mara tatu, kisha mara ya nne akiutuliza mkono hapo.

"Mimi niko huku chini, bosi."

"Panda basi! Gesi gani ya angani hiyo ya kucheza hivyo?"

Akapanda. Kibanda cha kipokezi hakina dirisha, ndani giza totoro, spika ndogo ikivuma. Mvumo ukavimba, ukanywea. Mara tatu. Wa nne ukabaki juu.

"Nani?" akauliza.

Akapapasa hadi kwenye kipokezi, akaweka kiganja. Chuma kilikuwa baridi, na mvumo haukubadilika hata chembe.

Kisha joto likaja mgongoni mwa mkono wake, vidole vikijipanga taratibu juu ya vidole vyake.