Hadi Ukingo wa Nyota

Jumamosi hiyo duka la kompyuta la Jawahir, karibu na soko la Garissa, lilijaa watu hadi mlangoni. Filsan alijipenyeza katikati yao, abaya yake nyeusi imeshika vumbi pindoni, shungi lake la zambarau likimteleza kwa joto. Macho yake hayakuona kingine ila joistiki iliyokuwa rafu ya juu, kile kijiti cha kuendeshea vyombo katika michezo ya kompyuta. Ilibaki moja tu. Aliponyoosha mkono, alikuta mkono mwingine umeshafika.

"Dada, hii niliiulizia tangu asubuhi."

"Kuulizia si kuchukua, walaal," alijibu Filsan, akimwita ndugu kwa Kisomali.

Mwenye mkono alicheka. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati la kaki lina madoa ya grisi. "Unampelekea kaka yako?"

"Kwani wewe unampelekea dada yako?"

Jawahir aliangua kicheko nyuma ya kaunta.

Kijana huyo aliitwa Diriye, fundi wa pampu za visima, aliyekuja kutoka Wajir kutafuta vipuri. Filsan alikuwa mpimaji wa maabara katika zahanati moja hapo mjini. Ikatokea kwamba wanacheza mchezo mmoja, ule wa anga, ambao mtu hupewa chombo na mbele yake nyota mabilioni, akaruka kutoka moja hadi nyingine. Wengi huucheza kwa vita na biashara. Hawa wawili walikuwa wa lile kundi dogo linalokwenda tu, wiki baada ya wiki, kuona kuliko mbali kuna nini. Anayetangulia kufika kwenye nyota huandikwa jina lake, ila mpaka arudi kituoni salama na kuripoti. Chombo kikivunjika njiani, yote aliyoyaona yamepotea.

"Umefika wapi mbali kabisa?" Filsan aliuliza.

"Nusu ya njia ya kwenda ukingoni, nyota zinapoishia. Nikachoka kuwa peke yangu."

"Mimi kukaa ndiko kunakonichosha."

Diriye alimtazama, kisha akamwachia joistiki. Hakuondoka dukani bila nambari yake ya simu.

Walianza safari ya ukingoni wiki iliyofuata, kama kundi moja, ili majina yao yaandikwe pamoja. Kila siku baada ya swala ya alasiri Filsan alivua koti la maabara, akafunga mlango wa chumba chake, akaweka simu sauti ya juu kando ya kompyuta.

"Macaanto, uko wapi?" Diriye aliuliza kutoka Wajir. Hivyo ndivyo alivyomwita, mtamu wangu.

"Mbele yako. Unajikokota kama ngamia mwenye mimba."

"Naangalia mafuta. Wewe utakwama huko, nije nikuokoe."

"Nani kakwambia naokolewa?"

Nje ya dirisha upepo ulipiga mabati, na mamake, Khadijo, alilalamika barazani. "Unashinda humo ndani! Unaenda wapi?"

"Mbali, hooyo."

Na kweli hakuwa amefika popote. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na safari zake zote zilikuwa Masalani kwa shangazi na Nairobi kwa masomo. Akilala alihisi miguu inamwasha. Diriye alipomwambia, "Tukirudi kutoka ukingoni nitatuma wazee kwa baba yako," alifurahi hata akasahau kugeuza chombo, nusura aingie kwenye jua.

Siku ya arobaini na moja Diriye hakupiga simu. Siku ya pili pia kimya. Siku ya tatu Filsan alifungua ramani akaona chombo cha Diriye kimegeuka. Kilikuwa kinarudi nyumbani, mbio, bila kusimama.

Alipiga simu. Haipatikani. Akaiweka chini ya mto, akaitoa, akapiga tena. Kazini alirudia kipimo kimoja mara tatu. Mwishowe aliandika: "Kama umenichoka ungesema." Ujumbe haukujibiwa.

Basi akaenda peke yake. Alikwenda kwa hasira, akiruka bila kupumzika, hata akaikaribia mno nyota moja nyeupe na kioo cha chombo kikapasuka. Kidogo tu tena, na yote yangepotea. Alasiri ya siku ya tisa alifika. Nyota ya mwisho ilikuwa ndogo, nyekundu, na nyuma yake hapakuwa na kitu, weusi tu. Furaha yake haikudumu. Aligeuka kumwonyesha mtu, akakuta ukuta.

Simu ikalia. Nambari ngeni.

"Filsan, ni mimi. Usikate."

"Sema."

"Nimehamishiwa Kutulo, kaskazini zaidi ya Wajir. Niliambiwa Jumatatu, nikatakiwa kuondoka Ijumaa. Huku mtandao haubebi ule mchezo, hata simu hii nimeazima. Nilikimbiza chombo kituoni kabla sijaondoka, ili nyota zetu ziripotiwe. Zimeandikwa zote, Filsan. Jina lako na langu."

"Na siku kumi na moja za kimya zimeandikwa wapi?"

Akamsikia akivuta pumzi. "Niliogopa, nikazima simu. Msichana wa Garissa, ana kazi yake, nimwambie habari za Kutulo? Huku ni wafugaji, jua na upepo. Nikaona afadhali unikasirikie, utanisahau upesi."

"Kwa hiyo umeniamulia."

"Nilikuhurumia."

"Nilikuomba huruma? Diriye, umeniona nikivuka nyota elfu tano, ukadhani Kutulo itanishinda?"



"Uko wapi sasa?" aliuliza Diriye kwa sauti ya chini.

"Ukingoni. Nimefika bila wewe."

"Wallahi? Kukoje?"

Alitaka kumnyima jibu. Machozi yakamtoka kabla hajaamua. "Kuzuri," alisema. "Na hakuna mtu."

"Nisamehe, macaanto. Nisamehe. Utakuja huku?"

"Wewe kwanza. Uje na wazee, na hayo maneno uyaseme nikikuona."

Alikuja baada ya wiki mbili, vumbi la barabara bado liko kwenye nyusi, pamoja na amu zake wawili wenye ndevu za hina. Mzee Kerrow, babake Filsan, mfanyabiashara wa ngamia, aliwasikiliza hadi mwisho. Alikuwa amemkusudia binti yake mume wa papa hapa mjini. Akaagiza binti aitwe.

Filsan aliingia amevaa dirac, gauni refu jepesi la Kisomali, la rangi ya chungwa, udi ukimfuata. Diriye alisimama, akasahau kuketi tena.

"Huyu anataka kukupeleka Kutulo," alisema Mzee Kerrow. "Unaijua Kutulo wewe?"

"Siijui, aabo."

"Hata kuipita hujaipita."

"Ndiyo maana nataka kwenda."

Mzee alimkazia macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Huyu ni mama yangu kabisa," aliwaambia wageni. "Hakuweza kukaa mahali pamoja misimu miwili." Akaamuru chai iletwe.

Amu mmoja aliinua mikono kuomba dua, wote wakainamisha vichwa. Filsan naye aliinamisha chake, kisha akamnong'onezea Diriye, aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwake, "Tunaondoka lini?"