Shokapu za Upepo au za Springi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Selina aliwapa kuku maji, akaokota mayai na kuyapanga kwenye trei. Mama yake, Marsela, alifuga kuku wa mayai nyumbani kwao Karatu. Baba yake, Clemensi, aliyapeleka mayai hayo Baray kwa pikipiki, akarudi na vitunguu.

Lakini sasa trei zilikuwa zimerundikana jikoni. Shokapu za nyuma za pikipiki zilikuwa zimekufa. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, chuma kiligonga chuma na mayai yakapasuka. Fundi alimtaka Clemensi achague shokapu mpya: za springi au za upepo.

Clemensi alishindwa kuchagua. Akikutana na jirani huyu alirudi akisifu springi. Akikutana na yule alirudi akisifu upepo. Selina alishikilia za upepo, kwa sababu mjomba wake Nelson alikuwa nazo na wenzake shuleni walikuwa wakiitamani pikipiki yake. Marsela alichoka na maneno yao.

"Baba Selina," alisema, "kuku hawangoji umalize kufikiri. Wanataga tu."

Jumamosi Clemensi akaenda na Selina nyumbani kwa Nelson, akaiazima pikipiki yake ili aijaribu. Nelson aliwaeleza kwamba mzigo ukiongezeka, shokapu zile huongezwa upepo kwa pampu ndogo maalumu. Akaiweka pampu mezani, na Clemensi akamwagiza binti yake aitie katika mkoba wa pikipiki. Wakati huo Selina alikuwa amekwisha kupanda, akijitazama kwenye kioo cha pikipiki. Aliona uvivu kushuka. Baba alipouliza kama pampu imo, alijibu kwamba imo.

Walipakia trei za mayai, wakashuka hadi Baray bila yai hata moja kupasuka. Selina akatabasamu njia nzima. Lakini walipopakia vitunguu, pikipiki ililala nyuma, gurudumu likawa linasugua madigadi. Clemensi akafungua mkoba. Pampu haikuwamo. Zipu ya mkoba ilikuwa mbovu, kwa hiyo aliamini kwamba imedondoka njiani.

Basi wakaviacha vitunguu kwa mwenye duka na kuanza kurudi polepole, wakitafuta. Clemensi alisimama penye kila shimo, akashuka, akapekua majani na miiba ya kando ya njia. Jua lilikuwa kali. Aliinama, akainuka, akalalamika kwamba atamwambia nini shemeji yake, kisha akainama tena. Shati lake lilichanika begani. Selina alitafuta naye, akijua wazi kwamba hakuna cha kupatikana. Mwishowe hakuweza tena.

"Baba, haikudondoka. Iko mezani kwa mjomba. Sikuitia."

Clemensi akajinyoosha taratibu. "Na muda wote huu unanitazama nikichomwa na miiba?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Hakumgombeza. Alijifuta vumbi usoni, akapumua kwa nguvu, akawasha pikipiki. Wakarudi nyumbani.

Marsela aliposikia yote, aliketi akaamua mambo siku hiyohiyo. Mzigo wao hubadilika kila safari, alisema: mayai mepesi wakienda, vitunguu vizito wakirudi. Huko njiani hakuna mwenye pampu ya namna ile, na nyumba hii imeisahau siku ya kwanza. Wafunge za springi. Ugumu wake ataupunguza kwa kuweka kipande cha godoro kuukuu chini ya trei. Clemensi alikubali bila kumuuliza jirani yeyote.

Fundi alizifunga, na safari iliyofuata ni yai moja tu lililopata ufa. Vitunguu navyo vikafika Karatu salama.

Lakini kabla ya hayo, jioni ya Jumamosi ile, Selina aliambiwa aioshe pikipiki ya mjomba ili irudishwe safi. Alipokuwa akiisugua, mama yake alichuchumaa karibu naye.

"Shokapu za upepo si mbaya, mwanangu. Zinamfaa mjomba wako, kwa kazi yake. Sisi tuchague kinachofaa kazi yetu, si kinachong'aa. Lakini hata ukichagua vizuri, ukisema uongo mdogo tu, mwenzako ataumia akitafuta kitu mahali ambapo hakipo."

Selina alimtazama baba yake, aliyekuwa kibarazani akishona shati. Akaliweka dodoki chini, akaenda kuiomba ile sindano amalizie yeye.