Mikwaruzo ya Mdomoni

Siku ya kwanza Nakaale alimlaumu mumewe. Bunduki alikuwa ameiacha juu ya meza ya kazi, rangi ya kijivu imekauka vizuri, na asubuhi akaikuta na mikwaruzo minne mdomoni.

"Esekon, ni wewe umegusa kazi yangu?"

"Nitagusa bunduki ya plastiki nifanye nayo nini?" Esekon alikuwa akifunga kamba za viatu. "Na hii harufu ni ya nini humu ndani? Umemwaga maji?"

Nakaale hakuwa amemwaga kitu. Alichukua msasa, akaanza kusugua upya huku akisonya.

Alikuwa mchoraji wa mabango hapo Lodwar. Vinyozi, maduka ya dawa, makanisa, karibu nusu ya maandishi ya mji ule yalikuwa yametoka mkononi mwake. Lakini kazi hii ilikuwa ya aina yake. Ilikuwa imeletwa na Wal, mkimbizi wa Sudan Kusini anayetengeneza filamu na wenzake kambini Kakuma. Alikuja na bunduki ya mchezo, ile inayorusha vidonge vya plastiki, pamoja na barua yenye muhuri wa polisi ya kuthibitisha kwamba haiwezi kumdhuru hata njiwa.

"Dada, nataka ionekane imetoka miaka mia ijayo," Wal alimwambia. "Halafu ionekane imepigana hiyo miaka yote mia."

Nakaale alimwelewa mara moja. Baba yake alikuwa polisi wa akiba, na yeye alikua akiiona bunduki ya mzee imeegemezwa ukutani kila siku ya utoto wake. Alijua bunduki huchakaa wapi. Huchakaa pale kiganja kinapokaa, pale shavu linapolala, na pale mkanda unaposugua. Kwa hiyo alipaka rangi ya fedha kwanza, akaifunika kwa kijivu, kisha akasugua kingo kwa msasa ili fedha ichungulie kama chuma kilichochubuka. Rangi ya kutu aliipaka kwa kipande cha sponji. Ili ionekane ya wakati ujao, alibandika kioo cha tochi mbovu, nyaya za redio iliyokufa, na bomba la chuma lenye matundu ambalo alilivika kwenye mtutu. Bomba hilo alilipata kwa Jean, Mkongo muuza vyuma chakavu wa Kakuma. Jean alimwambia ni kikinga joto cha ekzosi ya pikipiki, kimeletwa na lori kutoka mpakani, Lokichoggio. Ndilo lililoipendezesha bunduki kuliko vyote.

Lakini mdomoni hakuna mtu anayeshika bunduki. Mikwaruzo pale ilikuwa makosa ya fundi asiyejua kazi, na Nakaale hakuwa fundi wa namna hiyo. Akaifuta, akapaka, akalala. Siku ya pili aliamka akakuta mikwaruzo minane, mirefu zaidi, imepita rangi yote hadi kwenye chuma. Akafuta tena. Akapaka tena. Siku ya tatu akabadilisha rangi kabisa, akanunua ile ya gari, akapiga mikono mitatu na vanishi juu yake. Asubuhi ya siku ya nne vanishi ilikuwa imekunjamana sakafuni kama ganda la nyoka.

Wal alikuja siku hiyo hiyo.

"Ejok, dada," alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi," alijibu Nakaale bila kuinua kichwa.

Wal aliizungusha ile bunduki mikononi, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Yote iko sawa. Lakini hapa mbele umeharibu. Nani anashika bunduki hapa?"

"Si mimi."

"Sasa ni nani, dada? Ijumaa tunapiga picha. Watu wote nimewaambia."

"Nimesema si mimi!" Nakaale alitupa brashi ndani ya kopo. "Nimepaka mara nne. Kama unajua kupaka kuliko mimi, chukua."

Wal hakuichukua. Alipoondoka, Nakaale alikuwa amekasirika hata machozi yalimlenga. Akaamua kumshika huyo anayemchezea. Akapaka mdomo wa bunduki kwa mara ya tano, akafunga mlango wa chumba cha kazi kwa komeo, akaketi mbele ya meza na kukodoa macho.

Ilikuwa saa saba mchana. Bati lilikuwa likilia kwa joto juu ya kichwa chake, na nje hata mbuzi walikuwa wamejificha vivulini. Kwanza ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya tope bichi, ya nyasi zilizooza kwenye maji yaliyosimama, na Lodwar haikuwa imeona tone la mvua kwa miezi mitano. Chini ya ile harufu ya tope kulikuwa na nyingine, nzito, ambayo kila aliyewahi kushika kisu wakati wa kuchinja anaijua. Kisha akasikia sauti ndogo, krrr, krrr, kama ukucha juu ya sufuria, na akaona kwa macho yake mawili rangi aliyoipaka saa moja iliyopita ikiinuka, ikijikunja, ikichanika mistari minne kwa mpigo, na mdomo wa bunduki ukianza kusogea polepole juu ya meza kuelekea ukutani, ukirudi, ukisogezwa tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba kuna aliyekuwa akihangaika kuugeuza usimtazame, na kila uliposogea meza nzima ilitetemeka, na harufu ile ikamjaa puani na mdomoni mpaka akahisi anameza tope.

Si ushujaa uliomfanya aikamate. Ilikuwa ni hasira tu ya siku nne. "Niachie kazi yangu!" alipiga kelele, akaushika mtutu kwa mkono wa kulia.

Kitu kikamshika kifundo cha mkono. Kilikuwa cha baridi, kimelowa, na kilimng'ang'ania kama mtu anayezama anavyomng'ang'ania mwenzake.

Esekon alisikia kelele, akavunja mlango. Alimkuta mkewe chini, ameubeba mkono wake kama mtoto mgonjwa. Kwenye kifundo palikuwa na alama tano za vidole, nyeusi. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimelegea. Esekon alimpa brashi. Ikaanguka. Akampa tena. Ikaanguka.

"Nakaale," alinong'ona, "hiyo ni ekipe."

"Usiitaje ndani ya nyumba."

"Nisipoitaja itaondoka? Jini ni jini. Nitaitupa mtoni Turkwel saa hii."

"Ukiitupa, huu mkono nitaudai kwa nani?" Nakaale naye alikuwa ameshusha sauti, lakini hasira ilikuwa bado imo. "Mimi nakula kwa huu mkono, Esekon. Hiyo kitu haiendi popote mpaka inirudishie."

Kesho yake walikuwa Kakuma kabla jua halijawa kali, bunduki imezungushiwa shuka. Wal aliona ule mkono, akaacha kuzungumza habari za Ijumaa. Akawapeleka kwa mama yake.

Nyakim alikuwa mama mrefu, mkavu, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, na hakupenda kuitwa mganga. Lakini watu wa mtaa wake kambini, wakisumbuliwa na wafu wao, walijua mlango wa kubisha. Aliweka bunduki juu ya kiti cha plastiki uani, akaizunguka, akainusa. Kisha akainama karibu na ile mikwaruzo, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Mama, hakuna mtu anashika bunduki hapo," Wal alisema.

"Wewe mtoto yangu, umesimama nyuma ya bunduki tu," Nyakim alimjibu. "Njoo mbele."

Wal akasita, akaenda. Nyakim aliinua bunduki akamwelekezea kifuani, karibu kabisa, ghafla. Wal aliruka, na mkono wake ukaudaka mtutu kuusukuma kando kabla hajafikiri. Vidole vyake vinne vilitua juu ya mikwaruzo minne, kila kimoja mahali pake.

Wal aliuondoa mkono kama aliyegusa jiko.

"Huyu si mwenye bunduki," Nyakim alisema. "Huyu ni yule alielekezewa." Akagonga bomba lenye matundu kwa ukucha. "Na hii si ya pikipiki. Hii niliona nyumbani, kule kwenye kinamasi, juu ya lori. Bunduki kubwa ilikuwa inavaa hii."

Waliling'oa bomba kwenye plastiki kwa bisibisi, Esekon akilishika kwa shuka, wakalipeleka kwenye laga, ule mkondo wa mto uliokauka nyuma ya nyumba za mwisho za kambi. Nyakim alilaza bomba mchangani. Akalimiminia maji polepole, kama anavyonyweshwa mgonjwa, na mvuke ukapanda, na ile harufu ya tope ikafunika laga nzima. Akaanza kusema kwa lugha ya kwao, sauti ya chini, isiyo na amri ndani yake.

"Anamwambia nini?" Nakaale alinong'ona.

"Anamwambia hakuna mtu amemwelekezea kitu sasa," Wal alijibu. "Anamwambia aachilie. Anamuuliza jina yake."

Nakaale alihisi sindano kwenye ncha za vidole. Zikapanda hadi kiganjani, zikauma mpaka akauma mdomo, kisha damu ikarudi na joto lake. Alifumba ngumi. Alifumbua. Alama za kifundo zilikuwa zikififia mbele ya macho yake, na akajikuta akicheka na kulia kwa pamoja, na kumtukana Jean. Esekon alishika jembe, akaanza kuchimba haraka.

"Ngoja," Nyakim alisema.

Alikuwa ameinamisha sikio juu ya bomba. Akauliza swali moja zaidi, fupi. Jembe la Esekon likasimama hewani. Kukasikika mkwaruzo mmoja ndani ya chuma. Kisha mwingine, upande wa pili, mwepesi, kama wa ukucha wa mtoto. Kisha miwili kwa pamoja, kisha mitano, kisha ikaongezeka hadi haikuwezekana tena kuitenganisha, na bomba lote likawa linavuma pale mchangani kama bati linaloanza kunyeshewa.

Wal alikuwa ameacha kutafsiri.

"Ameuliza nini?" Nakaale alimvuta shati. "Wal. Mama ameuliza nini?"

"Ameuliza kama yuko peke yake."

Nyakim alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakitandika mchangani, akakaa kando ya bomba na kunyoosha miguu yake mirefu.

"Esekon, weka jembe chini," alisema. "Wal, lete jerikeni ile kubwa ya maji. Na wewe Nakaale, mtoto yangu, kaa hapa karibu na mimi. Tutauliza jina moja moja."