Mistari ya Chini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyamizi alishika ndoo huku mama yake akikamua. Ng'ombe walikuwa wamebaki watano tu. Wengine arobaini baba yake, Makoye, alikuwa amewauza mnadani Juni ya mwaka 1996, ili anunue pikapu ya kubebea mpunga kutoka Lupiro hadi Ifakara. Maziwa ya hao watano ndiyo yaliyowalisha wadogo zake na kumnunulia yeye madaftari.

Jumatatu moja alivuka kivuko na baba yake kwenda Ifakara, kwa muuza magari aliyeitwa Anselim. Makoye hakujua kusoma, lakini kwa kupatana bei hakuna aliyemweza. Aliizunguka pikapu, akagonga milango, akainama uvunguni, kisha wakaanza kubishana. Kutoka milioni tatu na nusu wakateremka hadi milioni tatu.

"Hiyo ni bei ya gari likiwa hapa hapa Ifakara, mzee wangu," Anselim alisema, wakashikana mikono. Mnadani, mikono ikishikana mambo yamekwisha. Makoye hakuona la kuuliza zaidi.

Karatasi ya mkataba ikaletwa. "Soma, mwanangu," baba alisema.

Nyamizi alisoma kwa sauti mpaka karibu na mwisho. Chini kulikuwa na mistari ya herufi ndogo, yenye maneno magumu. Anselim alimtazama akitabasamu. Baba alimtazama kwa fahari. Msichana wa darasa la sita aseme hajui? Akaona haya.

"Umemaliza yote?"

"Ndiyo, baba. Ni sawa tu."

Makoye akaweka dole gumba, akalipa fedha zote.

Jumamosi walipokwenda kuchukua gari, walipewa karatasi ya pili. Usajili na namba, shilingi elfu tisini na tano. Kusafirisha kutoka Dar es Salaam, laki moja. Maandalizi ya gari, laki na ishirini. Kufungua jalada, elfu sitini.

"Mnadani hakuna aliyewahi kunilipisha kamba ya ng'ombe!" Makoye alifoka.

"Ni mkataba, mzee. Mistari ya chini inasema gharama nyingine ni juu ya mnunuzi. Zisipolipwa, gari halitoki."

Walirudi kwa miguu kutoka kivukoni, bila gari. Jioni Makoye alikaa nje ya zizi akiwatazama wale ng'ombe watano. Deni lile lilikuwa sawasawa na bei yao. Mama alilia waziwazi. Nyamizi alitamani ardhi ipasuke immeze, kwa maana yeye peke yake alijua kosa lilianzia wapi.

Siku mbili hakula vizuri. Ya tatu, baba alipochukua kamba ili awapeleke ng'ombe mnadani, Nyamizi alishindwa kuvumilia.

"Baba, nilikudanganya. Mistari ya chini sikuielewa. Nilisema nimemaliza."

Makoye aliwaacha ng'ombe zizini. Kisha akaitundika kamba. "Twende kwa mwalimu wako."

Mwalimu Stefania alisoma karatasi zote mbili, akauliza kila neno lililosemwa siku ya mapatano. Kesho yake waliongozana hadi Ifakara.

"Ulisema bei ni ya gari likiwa hapa Ifakara," Mwalimu alimwambia Anselim. "Usafiri unamlipisha mara ya pili? Na maandalizi ni yapi? Tuonyeshe stakabadhi. Hilo jalada la elfu sitini limetengenezwa kwa kitu gani?"

Anselim alipekua droo zake. Alikuwa na stakabadhi ya usajili na namba tu. Wateja wawili walikuwa wamesogea kusikiliza. Akazikata zile gharama nyingine tatu kwa kalamu, bila kuinua uso.

Usajili ulikuwa wa haki, ukalipwa. Kwa hiyo ng'ombe mmoja aliuzwa, yule mweupe aliyekuwa na maziwa mengi kuliko wote, kwa kuwa ni yeye tu ambaye bei yake ilitosha. Pikapu ilipofika nyumbani hakuna aliyepiga vigelegele.

Kesho yake asubuhi ndoo haikujaa. Nyamizi aliinama, machozi yakamtoka.

"Nisikilize," baba alisema. "Kosa langu ni kulipa kabla ya kuuliza jumla yote. La kwako siyo kutojua. Ungesema hujui, tungeuliza wote wawili. Uliposema unajua, uliniacha gizani peke yangu."

Akampa ile karatasi ya kwanza. "Iweke kwenye daftari lako. Ukifika pale chini, usione haya kusimama na kuuliza."